Bagira: paneli ya jua inawasha taa, lakini haipiki bugali

Usiku wa delestage, mtu anayepanda kwenda Bagira anatambua upesi nani amenunua jua na nani hajanunua. Nyumba moja ina mwanga mweupe, mdogo, uliotulia. Inayofuata ina mshumaa. Ya tatu ina giza tupu, na watoto wake wamehamia kwa jirani na madaftari yao. Mbele kidogo jenereta ya mwenye duka la vinywaji inanguruma, harufu ya esansi inafika hadi kwenye nyumba za chini. Nguzo za SNEL ziko palepale, na nyaya zake zinapita juu ya vichwa vya watu wote, wenye mwanga na wasio nao.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa. Linaulizwa kwenye vituo vya pikipiki, nje ya kanisa baada ya misa, na katika vikao vya likelemba: kuna haja gani ya kuendelea kungoja SNEL? Bei ya paneli imeshuka, betri zinapatikana mjini, fundi anaweza kufunga kila kitu kwa asubuhi moja. Basi kila mtu ajitegemee, na nguzo zibaki kuwa kumbukumbu ya Wabelgiji.

Swali hilo ni la haki. Jibu linalosikika zaidi, kwamba jua la nyumbani linaweza kuchukua nafasi yote ya umeme wa kawaida, ndilo lenye kosa. Na kosa hilo litawagharimu wakaaji wa Bagira kuliko litakavyowagharimu wauzaji wa paneli.

Kwanza jua lipewe haki yake. Bukavu iko karibu sana na ikweta, kwenye urefu wa mita 1,500 hivi juu ya bahari, na haina majira marefu ya baridi kama Ulaya. Paneli ya wati 100, ikiwa ni ya kweli na imeelekezwa vizuri, inaweza kutoa wati-saa kama 400 kwa siku yenye jua zuri. Taa nne za LED za wati 7 zikiwaka saa tano zinakula 140. Televisheni ndogo ya wati 40 ikifunguliwa saa nne inakula 160. Zinazobaki zinatosha kuchaji simu za familia na kusikiliza redio. Familia iliyokuwa inanunua mishumaa kila juma, na kulipa kijana wa kuchaji simu, inaona faida hiyo kabla mwaka haujaisha. Tena Bukavu inajua vizuri mshumaa ulioanguka unaweza kufanya nini katika nyumba za mbao zilizobanana mlimani.

Mfano wa wenyeji upo pia. Washikala Malango na Iongwa Mashangao ni watoto wa Kivu waliokulia ukimbizini Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu. Walianzisha kampuni ya Altech mwaka 2013 na kuanza kuuza taa za jua kwa Wakongo ambao hawajawahi kuona nguzo ya umeme. Leo mtu anaweza kulipia kifaa kidogo kidogo kwa simu. Vituo vingi vya afya nchini vinahifadhi chanjo katika friji zinazotumia jua moja kwa moja. Huko hakuna mtu mwenye akili anayeweza kusema kwamba jua ni mchezo.

Lakini nyumba ya Bagira haiishi kwa taa peke yake. Inaishi kwa chungu.

Resho ya kawaida inakula wati 1,000, nyingine zaidi. Maharagi, bugali na maji ya kuoga ya mtoto vinaweza kuiweka kazini saa tatu kwa siku. Hiyo ni wati-saa 3,000, wakati paneli ile ya wati 100 imetoa 400 tu, tena jua likiwa zuri. Ili kupika hivyo kwa jua, nyumba ingehitaji paneli nane za namna hiyo, na betri kubwa za kuhifadhi umeme mpaka magaribi, kwa sababu hakuna anayepika chakula cha usiku saa sita mchana. Halafu kuna mvua. Kuanzia Septemba mpaka Mei, Bukavu ina siku ambazo wingu linakaa juu ya ziwa tangu asubuhi, na paneli inatoa nusu ya kawaida yake au chini ya hapo. Siku mbili za namna hiyo zikifuatana, betri ndogo inazima kabla ya habari za jioni.

Kwa hiyo mwenye paneli, hata yule anayejivuna kwamba ameachana na SNEL, bado anatuma mtoto kununua makala. Mbabula iko palepale nyuma ya nyumba. Na makala haya hayaoti Bagira. Yanatoka milimani, katika mashamba ya miti ya Kabare na Walungu, na kwa sehemu katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kuandikwa na UNESCO mwaka 1980 kuwa urithi wa dunia. Kila usiku ambao resho haiwaki mjini, gunia lingine la makala linashuka. Mtu anaweza kuweka paneli juu ya bati na kujiona rafiki wa mazingira, huku chungu chake kinakula msitu. Hii si lawama kwa mama anayepika; hana njia nyingine. Ni lawama kwa wale wanaohesabu paneli zilizouzwa na kuandika kwamba familia hizo "zimepata umeme".

Chungu kikiwekwa kando, inabaki kazi. Kinyozi anaweza kufanya kazi kwa betri, na vijana wengi wanafanya hivyo. Lakini fundi wa kuchomea vyuma anahitaji maelfu ya wati kwa mara moja. Mashine ya kusaga mihogo na mahindi inahitaji zaidi. Mama anayeuza sambaza anahitaji friji isiyozima usiku, la sivyo kesho yake anauza kwa hasara. Hawa wote wakikosa umeme wa SNEL wanakimbilia jenereta, na bei ya esansi inaingia katika bei ya unga na ya mlango wa chuma. Mtu ambaye hana hata balbu moja nyumbani analipia giza hilo kila anapokula.

Hapa inafaa kusimama kidogo juu ya maneno yenyewe, kwa sababu maneno "umeme wa kawaida" yanadanganya. Katika nchi nyingi, umeme wa kawaida ni wa makaa ya mawe, gesi au mafuta, na jua linaletwa ili kuokoa hewa. Bukavu si hivyo. Umeme wa SNEL unaofika hapa ni wa maji. Ruzizi inatoka katika Ziwa Kivu mjini penyewe, kati ya Bukavu na Cyangugu, na bwawa la Ruzizi I linafanya kazi kwenye mto huo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Lina mashine nne na nguvu ya megawati 29.8. Chini yake liko Ruzizi II, lililofunguliwa mwaka 1989, lenye megawati 43.8, chini ya kampuni ya SINELAC ambayo ni mali ya Kongo, Rwanda na Burundi pamoja. Maji hayo yanapita usiku na mchana, mvua ikinyesha na jua likiwaka. Nishati safi, ile inayozungumzwa kwenye mikutano ya kimataifa kama jambo la kesho, Bukavu ilikuwa nayo kabla ya uhuru.

Ugomvi basi si kati ya nishati ya zamani na nishati mpya. Ni kati ya kile ambacho familia moja inaweza kumiliki na kile ambacho mji lazima umiliki pamoja. Hesabu ya karatasi inaonyesha tofauti hiyo: Ruzizi I ikizunguka kwa nguvu zake zote kwa saa 24 inatoa kilowati-saa zaidi ya 715,000. Ili kuzipata kwa paneli za wati 100, zingehitajika karibu milioni 1.8, bila kuhesabu betri. Hakuna likelemba ya kununua hizo.

Mtu wa Bagira atajibu, na atakuwa na haki: bwawa hilo linanisaidia nini kama umeme haufiki kwangu? Ndiyo shida yenyewe. Megawati 29.8 hazikuwa nyingi, na leo zinagawanywa kati ya watu wengi kupita kiasi. Umeme wa Ruzizi unakwenda pia Goma kwa laini ya kilovolti 70. Ule wa Ruzizi II unagawanywa kati ya nchi tatu. Kivu ya Kusini haijaunganishwa na Inga, hivyo kila ahadi ya Inga inayotolewa Kinshasa inaishia mbali sana na Nyakavogo. Ruzizi III, bwawa la megawati 206 kwa ajili ya nchi hizo tatu, limejadiliwa kwa miaka mingi. Wakaaji wanalijua kwa jina kuliko kwa mwanga.

Halafu kuna uchakavu. Transfoma moja inabebeshwa avenyu nyingi kuliko ilivyopangiwa. Watu wanajiunga kwa siri usiku, waya juu ya waya, mpaka transfoma inaungua na kata nzima inakaa gizani kwa majuma. Nyumba zisizo na kompteri zinapokea bili ileile, iwe umeme umewaka siku ishirini au siku nne. Transfoma ikifa, mara nyingi ni wakaaji wenyewe wanaochangishana dola ili kuinunua, kisha inahesabiwa kuwa mali ya shirika. Familia moja inaweza kulipa mara nne kwa ajili ya umeme uleule: bili, mchango wa transfoma, paneli na makala. Hakuna haja ya kwenda chuo kikuu ili kuelewa kwa nini imechoka.

Sehemu nyingine ya uchakavu huo inaanzia majumbani, na haisemwi vya kutosha. Mwanzoni mwa mwaka 2022 mashine moja ya Ruzizi I iliharibika kwa sababu ya takataka, na megawati 6.3 zikapotea. Takataka zenyewe ni chupa, mifuko na masanduku ya plastiki yanayotupwa mitaroni, yanayokokotwa na mvua hadi ziwani, na mkondo unayaleta polepole mpaka kwenye mdomo wa Ruzizi. Wazamiaji wanalazimika kuingia majini kuyatoa kwa mikono. Megawati 6.3 ni zaidi ya moja ya tano ya bwawa zima. Mwenye paneli juu ya bati na chupa ya plastiki mtaroni amejiwashia taa mbili na kuzima mtaa.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi ya wazo la "kila mtu na jua lake" ni ya kisiasa. Zamani giza lilikuwa la wote. Mwalimu, daktari, mfanyabiashara na mbebaji wa mizigo walilaani delestage ileile, na zaidi ya mara moja wakaaji wa Bukavu waliingia barabarani kwa ajili hiyo. Leo mwenye uwezo amenunua betri za lithiamu na konvertisa nzuri, nyumba yake inawaka, na hasira yake imepoa. Aliyebaki gizani ni yule ambaye sauti yake haifiki ofisini. Kiongozi anayeulizwa kuhusu transfoma ya Kasha au ya Lumumba anaweza sasa kujibu bila aibu: nunueni jua. Jukumu la shirika la serikali, lililoundwa mwaka 1970 kuwapa raia umeme, linageuka kuwa mzigo wa mama anayeuza ndizi.

Afrika ya Kusini imeonja jambo hilo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2023, ulipokuwa mbaya kuliko yote kwa delestage, wenye nyumba na viwanda walifunga paneli kwa wingi, hata nguvu yake ikapita megawati 5,000. Ilisaidia, hakuna anayekataa. Lakini Eskom na miji ilianza kupoteza wateja wanaolipa vizuri, na gharama za kutunza nyaya zikabaki juu ya wale wasioweza kununua paneli. Na hao ni watu wenye mishahara na mikopo ya benki. Bukavu, benki zilifunga milango baada ya AFC/M23 kuingia mjini Februari 2025. Anayenunua paneli ananunua kwa noti alizoficha nyumbani au kwa pesa ya simu, na akikosea hana akiba nyingine.

Vita, kwa kweli, ndiyo hoja yenye nguvu zaidi kwa upande wa jua la nyumbani, na haifai kuipita haraka. Januari 2025, mapigano yalipofika Goma, mji ulikaa bila umeme, na kwa kuwa pampu zinahitaji umeme, maji yalikatika pia. Watu walichota ziwani. Siku zile, paneli ndogo juu ya bati ilikuwa tofauti kati ya simu iliyokufa na simu inayoweza kumwambia ndugu aliye Bukavu kwamba watoto ni wazima. Laini ya umeme inaweza kukatwa na bomu moja. Paneli elfu juu ya bati elfu haziwezi kukatwa kwa siku moja. Kwa sababu hiyo peke yake, kila nyumba ya Bagira inayoweza kununua taa ya jua na inunue.

Lakini Goma ileile inafundisha upande wa pili. Paneli za majumbani hazikurudisha maji. Hazikuendesha vyumba vya upasuaji. Kwa kazi hizo ilihitajika nguvu ya pamoja, na kuna njia za kuipata ambazo si za kungoja Inga. Mwezi wa Februari 2020, kampuni ya Kikongo ya Nuru ilifungua Ndosho, magharibi ya Goma, mtambo wa jua wa megawati 1.3 wenye betri na jenereta ya akiba, na nyaya zake zinaingia katika nyumba na karakana za mtaa. Ni jua lilelile, ila limefungwa kama mtandao: mchomea vyuma anaweza kulitumia mchana wakati jirani yake yuko kazini, na jirani anawasha taa usiku. Huko Rutshuru, bwawa la Matebe la Virunga Energies linatoa umeme wa maji tangu Desemba 2015. Mitambo hiyo ina shida zake, bei ikiwa ya kwanza. Wateja wengi wanaona ni ghali. Ila hakuna aliyeweza kusema Ndosho kwamba jua ni la taa tu.

Sheria inaruhusu jambo hilo lifanyike Bagira. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL na kufungua mlango kwa watu binafsi na majimbo kuzalisha na kugawa umeme. Mwekezaji mkubwa hatakuja kesho, hali ya usalama ikiwa hii. Lakini kuna madogo yanayowezekana hata sasa: paneli na betri za kutosha katika hospitali, paneli kwenye pampu za maji, mtambo mmoja wa pamoja sokoni kwa ajili ya friji na mashine za kusaga. Wafadhili wanaogawa taa moja moja kwa kila familia wangefanya kazi kubwa zaidi kwa kuanzia huko, ingawa picha ya bibi akipokea taa ni nzuri zaidi kwa ripoti.

Na kwa SNEL, mambo ya kudai hayahitaji mabilioni. Ratiba ya delestage itangazwe kwa kila kata na iheshimiwe, ili mama ajue ni usiku gani ataweka maharagi kwenye resho na fundi ajue siku ya kuchomea. Kompteri za kulipa kabla zifikishwe Bagira, ili mtu alipe alichokula. Transfoma iliyonunuliwa kwa michango ya wakaaji iandikwe hivyo na ikatwe katika bili zao. Nyavu za kuzuia takataka mbele ya Ruzizi zitunzwe, na komini ishughulikie mitaro yake. Umeme ukiwaka hata kwa saa chache zinazojulikana, sufuria za umeme za kupikia kwa mvuke zinaweza kupika maharagi kwa sehemu ndogo ya kile ambacho resho inakula, na hapo makala yataanza kweli kupungua mjini.

Anayekwenda kununua paneli naye ajilinde. Bandika inayosema wati 200 si wati 200; fundi mwenye kipimo anaweza kuonyesha ukweli mbele ya muuzaji, na muuzaji anayekataa kupima amekwisha kujibu. Betri ya gari haikuundwa kwa kazi ya kila usiku na inakufa upesi. Betri ya risasi iliyokufa isifunguliwe na watoto wala isitupwe bondeni, kwa sababu risasi ni sumu. Apewe karatasi yenye garanti.

Mama anayengoja zamu yake ya likelemba mwezi ujao anunue paneli, ndiyo, lakini asikate waya wa SNEL, wala asikubali jina lake litolewe katika orodha ya wanaodai transfoma. Msimu wa mvua unarudi Septemba. Barabara za kutoka Kabare na Walungu zitajaa matope, gunia la makala litapanda bei kama kila mwaka, na paneli zitakaa siku nzima chini ya wingu wakati Ruzizi inapita chini ya mji.